Mlango wa Mayo Mbeyu

Nyumba ya Salimu Tsuma ilikuwa yake. Ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Mambo ya pwani hayo. Mtu ana kuta, ana paa, ana jiko, na udongo anaoukanyaga ni wa mwingine aliyeko Mombasa.

Salimu alikuwa fundi wa makuti. Aliezeka mabanda ya hoteli za Diani. Asubuhi mama yake, Mayo Mbeyu, alikaa mlangoni kumshonea makuti. Mkewe, Mwanatumu, alipika mahamri na kuyapeleka sokoni Kona ya Musa.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa mzito, wa mvule. Aliuchonga marehemu Tsuma, babake Salimu, mwaka aliomuoa Mbeyu. Kila mwenye ardhi alipowafukuza, waliacha kuta na kuubeba mlango. Mayo Mbeyu hakukubali uachwe.

"Huu mlango umehama kuliko watu," alikuwa akisema, na kucheka. Kisha anasema bila kucheka, "Nataka niuone umetiwa mahali usipong'olewa tena. Hapo nitakufa nimetulia."

Mwaka wa tisini na nane mwenye ardhi aliuza shamba. Wakaambiwa wahame kabla ya mvua za mwaka, yaani masika.

Mwanatumu hakukaa kulia. Alikuwa amesikia kwamba serikali, kwa mpango wake wa makazi, inajenga nyumba ndogo ndogo karibu na Msambweni. Watu walishapaita Mpangoni. Aliandikisha jina la mumewe, na Mungu si Athumani, jina likatoka. Walipewa nyumba nambari thelathini na moja. Barua ilisema wana miezi mitatu ya kukubali. Muda ukipita, atapewa mwingine.

Siku ile Mayo Mbeyu aliupaka mlango mafuta ya nazi, mbele na nyuma.

Salimu akaenda kwenye baraza la chifu kusikiliza. Afisa wa Mpango, mwanamke kijana mwenye sauti nzuri, alieleza kuhusu malipo ya kila mwezi. Halafu akasema, "Mpaka umalize kulipa, nyumba itakuwa rehani kwa Mpango."

Rehani! Salimu alisikia neno hilo na masikio yakaziba. Yaliyofuata hakuyasikia. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akaondoka.

Kwao rehani ilikuwa na jina la mtu. Babu yake, Chome, aliweka minazi yake rehani kwa mwenye duka ili apate mahari ya mwanawe. Tangu siku hiyo mwenye duka ndiye aliyeangua nazi. Aliangua mwaka huu, akaangua mwaka ujao, na deni likawa pale pale, halipungui hata kidogo. Chome alikufa akipita chini ya minazi aliyoipanda mwenyewe, na hana ruhusa ya kuokota hata kidaka, nazi changa iliyoanguka. Salimu alikuwa amebakiwa na minazi michache ya upande wa mama, miti tu bila ardhi. Aliona wazi kuwa sasa inatakwa hiyo.

"Hatuitaki nyumba," alimwambia mkewe.

"Subhanallah! Kwa nini?"

"Wanataka rehani. Watakuja kuangua minazi ya Mayo."

"Walisema minazi?"

"Rehani ni rehani, Mwanatumu."

"Mimi nakuuliza, Baba Maimuna," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa. "Wewe uliwauliza?"

Salimu alikasirika. "Niulize nini? Rehani mimi naijua tangu sijaota ndevu!"

Mwanatumu alimtazama mama mkwe wake. Mayo Mbeyu alikuwa ameshika kuti mkononi. "Rudi ukaulize, mwanangu," alisema taratibu. "Kuuliza si kukubali."

"Mayo, nakulindia minazi yako."

"Haya," alisema mama. "Wewe ndiwe mwanamume wa nyumba hii." Akaendelea kushona.

Laiti angegombana naye! Salimu alilisema neno hilo mara nyingi baadaye. Laiti mama angempigia kelele siku ile. Lakini Mayo Mbeyu hakuwa mtu wa kelele, na miezi mitatu ikapita.

Nyumba ilibomolewa. Wakapanga chumba kimoja nyuma ya maduka ya Kona ya Musa. Mlango wa mvule ukaegemezwa ukutani, kichwani mwa kitanda cha mama. Mwenye chumba alikuwa na mlango wake wa bati na hakutaka mwingine. Usiku kelele za muziki na magari hazikukatika. Mama akaanza kukohoa. Kila mara aliuliza, "Tunahama lini?" Na Salimu akachukua kamba zake, akaenda kutafuta kazi.

Kazi za hoteli zilipungua mwaka ule, wageni walikuwa hawaji. Kwa hiyo Salimu alishukuru alipoitwa Mpangoni kuezeka banda la jikoni. Mwenyeji alikuwa mama wa Kikamba, Everlyn, muuza mboga. Watu walimwita Mama Kisilu, kwa jina la mwanawe. Salimu alifika, akapiga hodi, akainua macho. Nambari ukutani ilikuwa thelathini na moja.

Aliingia, akapanda ngazi, akaanza kazi. Aliuona ua umefagiwa. Aliuona mfereji wa maji. Aliona mahali penye kivuli ambapo bibi kizee angeweza kukaa akashona makuti.

"Nyumba nzuri," alisema mwishowe.

"Ni Mungu tu, Fundi," alisema Everlyn. "Sisi jina letu halikutoka. Tulikuwa tunangoja kwa ile listi ya nyuma. Halafu kuna mtu alikataa. Mungu ambariki huyo mtu, popote alipo."

Kamba ilimponyoka Salimu mkononi. Aliteremka kuiokota, akabaki chini.

"Mama Kisilu," alisema, "walichukua nini chenu? Mlitoa shamba gani?"

"Shamba? La nini?"

"La rehani."

Everlyn alicheka. "Ati shamba! Fundi, kinachowekwa rehani ni hii nyumba yenyewe, na sisi tuko ndani tunalala. Si unaona? Rangi nimepaka mwenyewe. Kuku nafuga. Banda unanijengea. Kitu siwezi ni kuuza kabla nimalize, bila kuwaambia Mpango. Tukimaliza, wanafuta hiyo rehani, tunapewa hati. Basi."

"Na minazi? Mtu akiwa na minazi kwao?"

"Hiyo minazi yako inahusu Mpango na nini? Hawakuulizi hata mbuzi."

Salimu alikaa juu ya rundo la makuti. Everlyn alimtazama, na kicheko kikamwisha usoni. Akavuta kibao, akakaa karibu naye.

"Ni wewe," alisema.

Salimu aliitikia kwa kichwa.

"Pole, Fundi. Jamani, pole sana. Nami nimekuombea baraka mbele ya uso wako!"

"Hukukosea. Nyumba ni yenu kwa haki," alisema Salimu. "Lakini nieleze. Nieleze yote, kama vile sijui kitu. Sasa nimejua kuwa sijui."

Everlyn akamweleza. Kuna malipo ya mwanzo, yale ambayo watu wa pwani huyaita arubuni. Mtu asiye na mshahara hatozwi yote. Mpango wenyewe humtilia nusu, akileta barua ya chifu kwamba kazi yake inajulikana. Kinachobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na stakabadhi lazima itunzwe.

"Na mwezi nikikosa kazi?"

"Usijifiche. Hapo ndipo watu wanapoteza nyumba. Mume wangu Kimanzi aliugua, nikaenda ofisini kabla ya tarehe, nikawaambia. Wakatupangia upya. Ukinyamaza, unaandikiwa barua. Ukinyamaza tena, unatolewa, na hiyo sikufichi."

"Kuna ziada juu ya bei? Mimi Mwislamu, Mama Kisilu."

"Iko, na imeandikwa kwa mkataba. Chukua karatasi, mpelekee maalim wako akusomee kabla ya kuweka kidole. Usisikie kwa mtu. Hata kwangu usisikie."

Jioni Salimu alipiga magoti kando ya kitanda cha mama. "Shikamoo, Mayo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawakuitaka minazi yako. Ni rehani ya nyumba yenyewe. Nilisikia neno, sikusikia maneno. Nisamehe, Mayo."

Mayo Mbeyu alimpapasa kichwa kama mtoto mdogo. "Babu yako alikutisha," alisema. "Nilikusamehe zamani. Nyumba nyingine zipo?"

"Wanajenga nyingine. Kesho naenda."

"Basi nenda. Na safari hii uulize."

Alikwenda, na akauliza mpaka afisa akacheka. Maalim aliusoma mkataba mwanzo hadi mwisho. Alimwonyesha Salimu masharti yote, lile la ziada pia, na wakaenda pamoja kulizungumzia ofisini. Ziada ikageuzwa kuwa ada ya kazi inayolipwa mara moja. Chifu aliandika barua. Mwanatumu akatoa akiba ya mahamri. Safari hii hawakungoja miezi mitatu.

Lakini nyumba zilikuwa hazijaezekwa. Mvua za mwaka zikarudi, na kile kikohozi kikashuka kifuani. Mayo Mbeyu alifariki Kona ya Musa, katika chumba cha kupanga, mlango wake ukiwa umeegemea ukutani kichwani pake. Hata machela ya mazishi ilipotolewa, ilibidi kwanza mlango usogezwe.

Funguo walipewa baada ya matanga, arubaini ikiwa bado. Everlyn na Kimanzi walikuja na mkokoteni. Salimu aling'oa mlango mmoja wa Mpango, akatia wa mvule. Alipima, akaranda, akapiga bawaba. Ulikaa sawa. Mwanatumu aliupaka mafuta ya nazi, mbele na nyuma.

Leo, mtu yeyote anayetafuta nyumba akisikia neno asilolielewa kwenye baraza, Salimu humshika mkono. "Usiondoke," humwambia. "Uliza. Uliza hata wakucheke. Mimi sikuuliza." Hamwelezi zaidi ya hapo. Wengi wamepata nyumba kwa kushikwa mkono hivyo.

Siku ile ya kwanza, alipomaliza bawaba ya mwisho, Salimu alitoka nje kujaribu mlango. Aliuvuta ukafungika. Akasimama mbele yake, na mkono ukagonga wenyewe, kama ulivyozoea tangu utotoni.

"Hodi, Mayo," alisema.

Mwanatumu akafungua, macho yamemlowa.

"Ingia, Baba Maimuna. Ni kwako."

"Ni kwake," alisema Salimu, na akavua viatu.