Aliyemwonjea Chumvi

Treni ya Kigoma ilipoingia stesheni ya Tabora, watu waliivamia utadhani inagawa sukari ya bure. Wabeba mizigo, wauza karanga, madereva wa bajaji, kila mmoja alitaka awe wa kwanza mlangoni. Zamda alisimama kando, ndani ya abaya jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, akimtafuta shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa dirishani na madumu ya mawese, akigombana na dunia nzima.

"Kijana! Wewe mwenye shati la bluu! Nipokelee hili dumu, Mungu atakulipa."

Kijana huyo alikuwa ameteremka behewa hilohilo akitokea Urambo. Akapokea dumu la kwanza, la pili, kisha kapu la dagaa. Alipogeuka kuuliza mzigo autue wapi, akakutana uso kwa uso na Zamda, na nusura madumu yamponyoke.

"Zamda wa kantini!"

"Zablon," alisema Zamda. Alitaka kununa, na alikuwa na sababu zake, lakini midomo ikamsaliti na kutabasamu. "Umenenepa."

"Na wewe umezidi kupendeza. Kila mtu na bahati yake."

Shangazi alikuwa amerudi ndani kufuata begi lililobaki, kwa hiyo wawili hao wakabaki na madumu yao katikati ya zogo. Miaka minne walikuwa hawajaonana. Walipokuwa wanafunzi wa chuo hapa Tabora walipika pamoja kantini ili wapate chakula na nauli ya kurudi nyumbani likizo. Sasa hakuna aliyejua pa kuanzia, basi wakakimbilia habari za wenzao.

"Masele yuko wapi? Yule aliyeosha masufuria huku anaimba kwaya?"

"Ana mgahawa wake Nzega. Bado anaimba, wateja wanavumilia."

"Na Kulwa?"

"Anaendesha bajaji. Kantini alikuwa anawaongezea warembo nyama, siku hizi anawapunguzia nauli."

Zablon akacheka mpaka machozi. "Mama Apolinaria je, mpishi mkuu wetu?"

"Kastaafu. Kila tukikutana sokoni ananiuliza habari zako. Namwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui." Sauti ya Zamda ikabadilika. "Ulinifanyia vile kwa nini, Zablon?"

Hapo itabidi nieleze. Mwezi wa Ramadhani wapishi waliofunga hawakupenda kugusisha chakula ulimini, hivyo Mama Apolinaria alimteua Zablon, Mmoraviani, mtoto wa mchungaji wa Urambo, awe anawaonjea. Alipita sufuria hadi sufuria akitoa hukumu. Kwenye sufuria ya Zamda alichelewa makusudi. "Ngoja nirudie, sijaipata vizuri." "Utanimalizia mchuzi wewe!" Mapenzi yao yaliota hapo, mbele ya moto, kila mmoja na mwiko wake.

Kisha ikafika futari ya wageni wa chuo. Zablon alionja mchuzi wa Zamda, akasema chumvi haijafika. Zamda akaongeza. Akaonja tena, akasema bado. Wageni walichukua kijiko kimoja tu, wakaomba maji. Jioni ileile Zamda aliambiwa asirudi kantini. Na juma hilohilo Zablon alikuwa amemwomba Zamda ruhusa ya kuleta wazee wake kuposa nyumbani kwao, mtaa wa Chemchem, naye kwa woga akacheka na kusema, "Baba atawatoa mbio." Kwa hiyo akaamini kwamba chumvi ile ilikuwa kisasi. Alivunja laini yake ya simu, masomo yao yakaisha, basi.

"Nilikuwa na malaria," alisema Zablon. "Siku tatu nameza dawa, kila kitu kinywani kama majivu. Usiku ule nililazwa."

"Kwa nini hukusema unaumwa?"

"Ungemwita Masele aje aonje badala yangu."

Zamda alimtazama mtu huyu mzima mwenye kapu la dagaa mkononi, akataka kumpiga, akataka kumkumbatia, na vyote viwili haviwezekani stesheni ya Tabora.

"Ungekuja nyumbani basi!"

"Nilikuja. Nikamwona mzee wako kibarazani na cherehani yake. Nikageuza baiskeli."

Shangazi alirudi na begi. "Bado uko hapa, mwanangu? Mungu akupe mke mwema. Sisi Ijumaa tunamwoza huyu, karibu ule pilau."

Tabasamu la Zablon liliganda. Akawapandisha kwenye bajaji na madumu yao, na kabla haijaondoka Zamda akamtajia namba yake haraka, kwa sauti ya chini, mara moja tu. Zablon akaishika kichwani.

Alipiga siku ya hina. Zamda alikuwa uani, mikono na miguu imechorwa, haijakauka. Alibana simu kwa bega.

"Mpenzi, nije nimwone mzee?"

"Usije. Nyumba imejaa watu. Ukitokea leo watasema kuna jambo."

"Si kweli lipo?"

"Lipo," alisema Zamda.

"Nitasilimu."

"Na baba yako mchungaji?"

"Atalia. Nitamwacha alie, nifanyeje?"

"Usiseme hivyo. Mimi wangu siwezi kumwona analia." Simu iliteleza, akaibana tena. Upinde mmoja wa hina ukachafuka. "Huyu Adinani anayenioa hana ubaya, Zablon. Anauza nguo, anaswali, ananiheshimu. Laiti angekuwa na ubaya! Lakini sikiliza. Ijumaa kabla ya nikahi baba ataingia kuniuliza kama namruhusu aniozeshe. Hapo ndipo pangu. Nitasema sitaki."

"Kweli, dia?"

"Kweli."

Ijumaa Zamda alikaa juu ya kitanda ndani ya gauni jeupe na shela la dhahabu, shangazi kulia kwake, wanawake wameujaza ukumbi mpaka mlangoni. Baba yake, Mzee Yahaya, aliingia na mashahidi wawili. Kanzu yake mpya alikuwa ameishona mwenyewe.

"Mwanangu Zamda, Adinani amekuposa. Unaniruhusu nikuozeshe?"

Zamda alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Baba alirudia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa furaha, vidole vyake vyenye alama za sindano viko juu ya magoti. Akauliza mara ya tatu, halafu akasubiri, muda mrefu kuliko desturi.

"Sema, mama. Nakusikiliza."

"Mwali akinyamaza, aseme nini tena?" Shangazi alidakia. "Amenyamaza, amekubali!"

Vigelegele vikalipuka chumba kizima. Ndani ya vigelegele hivyo Zamda alisema, "Baba, sitaki." Alisema kabisa, midomo ikatamka kila herufi. Shangazi akamkumbatia akidhani analia kwa haya. Mzee alikuwa ameshageuka, kanzu yake inatoka mlangoni kuelekea msikitini. Kusema mara ya pili, kwa kumkimbilia barazani mbele ya watu wote, kulihitaji Zamda mwingine, na huyo hakuwepo.

Simu ilipoita alikuwa ameachwa peke yake chumbani ajifute machozi. Zablon alikuwa Urambo, nje ya kituo cha kununulia tumbaku anakofanya kazi.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Alhamdu... nimeanza kujifunza, unaona? Kwa hiyo?"

"Hawakunisikia, Zablon. Walikuwa wanapiga vigelegele."

"Basi sema tena! Mwite mzee, mwambie—"

"Wameshatoka msikitini. Wako hapo nje, nasikia honi."

Zablon aliegemea ukuta. Alitaka kusema anakuja, lakini kutoka Urambo angefika na nini, na kwa nani?

"Nifanyeje, Zamda? Niambie kitu chochote, nitafanya."

"Hakuna," alisema Zamda, sasa analia waziwazi. "Usikate tu. Kaa hapo kwenye simu. Wakiingia nisiwe peke yangu."

Hakukata. Alisikia mlango ukifunguliwa, wanawake wakinyamazishana, kisha sauti ya mwanamume, ya upole, ikimtolea mkewe salamu. Akamsikia Zamda akiitikia. Zablon alibaki na simu sikioni mpaka ilipokatika yenyewe.