Kistari Mbele ya Namba

Kila jioni, akishateka maji na kufagia uwanja, Naomi alibaki na kazi moja ambayo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeiweza. Alivuta kigoda karibu na kitanda cha baba yake, akachukua simu ndogo ya vibonye, akasoma ujumbe ulioingia siku hiyo. Baba yake, Elikana, alikuwa mkulima wa miwa hapo Ruhembe. Tangu figo zianze kumsumbua, macho yake nayo yalikuwa yamefifia. Mama yake, Aneth, alijua kuandika jina lake tu. Naomi alikuwa darasa la saba, na kwa kusoma hakuna aliyemshinda.

"Haya, mwalimu," baba alimtania, "leo dunia inasemaje?"

"Benki wanasema salio lako ni elfu thelathini na moja na mia tano, baba."

Mbele ya namba kulikuwa na kistari kidogo. Naomi alikiona. Dukani kwa Nickson bei zote zilikuwa na kistari nyuma, 500/-, 2,000/-, akafikiri benki nao wana mtindo wao wa kukiweka mbele. Aliwaza kumuuliza mwalimu. Lakini yeye, msomaji wa nyumba nzima, akaulize habari ya kistari? Akaona haya, akaacha.

Mwezi uliofuata namba ilikuwa elfu sabini na tano na kitu. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe benki wanafuga hela kama kuku. Inazaa yenyewe."

"Ni malipo ya pili ya miwa," mama alisema. "Wanaingiza kidogo kidogo."

Mwezi wa nne namba ilifika laki moja na elfu themanini na sita na mia nne. Wakati huo daktari wa Mikumi alikuwa ameandika barua ya kumpeleka baba hospitali ya Morogoro. Baba mdogo Yared, aliyeishi Kidete, alipiga simu kusema atauza mbuzi wake wawili.

"Usiuze," baba alimjibu. "Hela ninayo benki. Mtoto amenisomea."

Siku ya safari walipita kwa wakala wa benki pale Mikumi. Wakala alibonyeza mashine mara tatu, akatikisa kichwa. "Haitoi, mzee. Labda mtandao. Rudini kesho."

Kesho yake haikutoa, wala kesho kutwa. Wakasubiri mtandao. Yared alipochoka kusubiri na kuuza mbuzi, siku kumi zilikuwa zimepita, na baba hakuweza tena kukaa. Alifia hospitalini Mikumi, asubuhi ya Jumanne, na barua ya Morogoro ikiwa chini ya mto wake.

Siku ya maziko Yared alisimama kando ya kaburi, akatangaza kama ilivyo desturi: "Kama kuna mtu anamdai marehemu, aje aione familia. Hatutaki ndugu yetu alale na deni."

Watu walitazamana. Hakuna aliyekuja, siku hiyo wala siku zote za matanga. Mama alikuwa akilirudia jambo hilo kwa kila mgeni: "Mume wangu hakuacha deni." Kwake lilikuwa kama shuka la kujifunika.

Baadaye chama cha wakulima kilileta habari kwamba malipo ya miwa yameingia, shilingi laki nne. Yared, aliyekuwa amekwishateuliwa kusimamia mirathi, alikwenda benki Kilosa. Alirudi na karatasi, akaketi bila kuigusa chai.

"Shemeji, wamekata karibu nusu. Wanasema kaka alikuwa anadaiwa."

Mama hakulia. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga tena. "Dawa ya deni ni kulipa," alisema polepole. "Basi alidaiwa, na akatuficha."

Naomi alisikia yote, asielewe. Alielewa wiki hiyohiyo, kipindi cha hisabati. Mwalimu Mwinshehe alichora mstari mrefu ubaoni, katikati akaandika sifuri.

"Kulia unacho. Kushoto huna, tena unadaiwa. Hizi tunaziita namba hasi. Mnaona hiki kistari mbele yake? Msikidharau."

Kalamu ilimdondoka Naomi. Wenzake walipotoka kucheza, yeye alibaki kwenye dawati. Mwalimu alipomkaribia, alimwambia yote.

"Simu ya baba yako bado ipo?" mwalimu aliuliza. "Usifute ujumbe hata mmoja. Na mama yako mwambie leo, kabla hujapata muda wa kuogopa."

Alimwambia jikoni, mama akichambua mchicha. "Mama, zile hela hazikuwepo. Nilikiona kistari sikuuliza. Baba alikataa mbuzi kwa sababu yangu."

Mama aliendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha. Kisha akasema, "Lete simu."

Jumamosi Mwalimu Mwinshehe alikuja kuusoma ujumbe wote, wa mwisho hadi wa kwanza. Mama alipomwambia kwamba dawa ya deni ni kulipa, alijibu, "Ni kweli, mama. Lakini kwanza liwe deni." Akawaeleza la kufanya: waandike malalamiko, waombe nakala yenye mhuri, na benki ikikataa, wapeleke suala lao Benki Kuu.

Kule Kilosa, Naomi, mama na Yared walikuta foleni ndefu na dada mmoja wa dirishani, Imani, aliyekuwa na haraka.

"Shikamoo," Naomi alisema.

"Marahaba. Kuhusu hili, marehemu alijiunga na huduma ya kukopeshwa salio linapoisha. Kila siku akiwa chini ya sifuri, ada ni elfu moja na mia tano."

"Sahihi yake iko wapi?" mama aliuliza.

"Alijiunga kwa simu, mama."

Naomi aliiweka simu juu ya meza. Alisoma ujumbe wa Desemba, ule aliouruka akidhani ni tangazo: "Ndugu mteja, umeunganishwa na huduma ya mkopo wa salio. Kama hutaki, tuma neno ONDOA." Akanyanyua uso. "Dada, hapa hawajasema umejiunga. Wamesema umeunganishwa. Aliyejiunga amefanya mwenyewe. Aliyeunganishwa amefanyiwa."

Imani alisoma, akasoma tena.

"Na hakukopa hata shilingi," Yared aliongeza. "Akaunti ilikuwa tupu. Ninyi mkajikatia ada ya mwezi, ikashuka chini ya sifuri, mkamtoza kwa kushuka."

Imani aliwapa fomu, akaigonga mhuri nakala yao. Wiki tatu baadaye ilikuja barua: benki ingerudisha nusu, kwa hisani.

"Tuchukue, shemeji," Yared alisema. "Nauli zinatumaliza."

"Nikichukua nusu, nimekubali kwamba nusu alidaiwa," mama alijibu. "Waambie tunakwenda Benki Kuu."

Hawakufika huko. Barua ya pili ilirudisha fedha zote, na mwishoni ikasema: marehemu hadaiwi na benki.

Siku ya kujengea kaburi, mama alimwomba Naomi aisome barua hiyo mbele ya watu. Aliisoma hadi mwisho, sentensi ya mwisho mara mbili. Watu waliinamisha vichwa. Saruji ilikuwa bado mbichi.

Walipobaki wawili, Naomi aliuliza swali alilokuwa amelibeba. "Mama, ningeuliza, baba angepona?"

Mama hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Sijui, na wewe hutajua. Kile kistari hukukiweka wewe, walikiweka wao. Lako ni moja tu: uliona usichokijua, ukaona haya kuuliza. Na mimi nilikuwa na langu. Niliambiwa mume wangu ana deni, nikaona haya kuuliza. Wanaotudhulumu huishi kwa haya zetu. Kuanzia leo, katika nyumba hii, asiyejua atauliza."

Akaitoa simu ya baba kwenye pindo la kanga.

"Sasa nifundishe," alisema. "Sifuri inakaa wapi?"

Naomi aliokota kijiti, akachora mstari mrefu ardhini kando ya kaburi.