Hamidi na Ledi wa Mofa

– Kaltuma, ledi hanuki moshi.

Hamidi alisema hivyo huku ameinua upindo wa kanzu usiguse majivu, mtu aliyekuwa akijikunyata kando ya tanuri hilo hilo mwaka jana akisubiri mkate uive. Kaltuma alikuwa ameinama akibandika mkate wa mofa kwenye ukuta wa tanuri, mkono umeingia motoni mpaka kiwiko. Alimaliza kwanza kubandika, ndipo akageuka.

– Ledi ndiye nani leo?

– Ni neno la Kiingereza. Mwanamke wa daraja. Anakaa kitini, analetewa. Mikono yake haijui unga.

– Neno nalijua. Ulinifundisha wewe, hapo hapo uliposimama.

Hamidi akajikohoza. Alijua anapelekwa wapi.

Waingereza walipowakabidhi Wataliani Kismayu, Hamidi, karani mdogo wa Mwingereza mmoja, alibaki na suruali moja na maneno mengi. Kazi hana, tumbo analo. Kila asubuhi alikuja kwa Kaltuma, binti wa kisiwa cha Ngumi aliyehamia mjini kuuza mofa, akala, akalipa kwa maneno.

La ledi ndilo lililommaliza Kaltuma. Hamidi, tonge mdomoni, alimweleza kuwa bwana wake alipenda kufukua asili za maneno. Zamani sana, kabla Waingereza hawajapata maringo, ledi alikuwa mkanda mkate. Ndiyo maana ya neno lenyewe, mkate na kukanda. Baadaye likawa la mwenye nyumba, yule ambaye watu wake wanakula mkononi mwake. Kisha mke wa mkubwa. Kisha mwanamke yeyote mwenye viatu.

– Na huyo mkubwa wanamwitaje? Kaltuma aliuliza siku ile.

– Lodi. Asili yake mlinzi wa mkate. Wewe ukande, mimi nilinde. Niambie kama kuna ndoa nzuri kuliko hiyo.

Kaltuma akaona hakuna. Akaikataa posa ya Athmani, fundi mashua wa kisiwa cha Kudha, na mtaa mzima akauambia ana mchumba. Sasa Hamidi kajua Kitaliani, kapata kiti forodhani, na maana ya neno imehama naye.

– Kesho nakwenda na mjomba kwa Bi Kulthumu, kumposa binti yake, Mwanapili. Nimekuja kukwambia kwa heshima.

– Heshima yenyewe umeiweka wapi? Siioni.

– Usiniharibie, Kaltuma. Watu wakikuuliza, sema hapakuwa na kitu baina yetu.

Hapo ndipo palipomchoma. Kuachwa ni kuachwa, wanawake wameachwa tangu zamani. Lakini akisema hapakuwa na kitu, mtaa utamwita mwanamke aliyekuwa akilisha mwanamume wa watu bure, tena mwongo. Hamidi akaondoka akipangusa viatu.

Jioni hiyo Bi Kulthumu, mjane mwenye maduka, akaagiza mikate ya wageni wake. Akaiagiza kwa Kaltuma.

Desturi ya kwetu muoaji hukaa kwao, wazee wakaenda kumsemea. Kesho yake Hamidi akaenda mwenyewe. Hakumwamini mjomba wake kumsifu vya kutosha. Wanaume wakakaa ukumbini na Sharif, kaka yake Bi Kulthumu. Nyuma ya pazia walikuwa Bi Kulthumu, Mwanapili, na Kaltuma na kikapu chake cha mikate. Wote wakimsikia bwana harusi akijiuza.

– Kwangu Mwanapili atakuwa ledi, Hamidi alisema. Unga hataugusa. Kukaa tanurini ni kazi ya watu duni, wanawake wasio na kwao.

Bi Kulthumu akaacha kumega mkate. Akamtazama Kaltuma.

– Huyu ndiye yule mchumba wako?

– Ndiye. Jana kaniambia niseme hapakuwa na kitu.

– Na utasema?

– Sisemi. Nimemlisha mpaka kanenepa, halafu nijitie uongo nimpambe yeye?

Bi Kulthumu akajifunika leso yake vizuri, akalivuta pazia kando.

– Hamidi, huyo mtu duni ni mimi. Nyumba hii uliyoikalia nimeijenga kwa mofa. Nilikuwa nikibandika mikate na Mwanapili yuko mgongoni. Muulize mjomba wako, alikuwa akinunua.

Mjomba akatazama mkeka.

– Bibi, hukunielewa, Hamidi alisema haraka. Ledi asili yake ni mkanda mkate. Nilikuwa nakusifu.

– Maana zake zinafuata tumbo lake, Bi Kulthumu, Kaltuma alisema kutoka ndani. Akishiba, ledi anakaa kitini. Akiogopa, ledi anakanda.

Mwanapili akacheka, wala hakuficha.

– Mama, mimi simtaki.

Alasiri Hamidi alikuwa tena tanurini, na safari hii kanzu hakuiinua. Wanunuzi walikuwa wamejaa.

– Kaltuma, wewe ndiye ledi wa kweli, ledi wa asili. Nirudishe.

– Hawa wote niliwaambia nina mchumba. Waambie wewe kulikuwa na nini baina yetu, kisha tuzungumze.

Hamidi akatazama huku na huku. Akadhani hiyo ndiyo bei, akailipa.

– Nilimwahidi ndoa. Nilikuwa nikila kwake. Kisha nikamkana.

– Mmesikia? Sikusema uongo.

– Basi tumepatana, Kaltuma? Mimi ni lodi wako.

– Lodi ni mlinzi wa mkate. Mkate upi uliulinda, Hamidi? Wewe uliula tu.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Hamidi alibaki amesimama, akingoja maana nyingine ije imwokoe, na haikuja.

Kaltuma akabandua mkate, akaukung'uta majivu, akanyoosha mkono kwa wanunuzi akimpita yeye.

– Nani anafuata?