Mtaa Uliopimwa kwa Miguu ya Bibi Klementina

Fransisko ni seremala. Yeye na mkewe Dionisia walitoka Ruponda wakajenga nyumba pembezoni mwa mji wa Ruangwa, katika mtaa mpya wa Namilala. Kila asubuhi Fransisko alikwenda kwenye karakana yake karibu na soko. Dionisia alikaanga mihogo na kuiuza barazani. Mama yake Fransisko, Bibi Klementina, aliishi nao.

Watu walipojenga Namilala, walikata karibu miti yote. Jua likawa kali. Mvua iliponyesha, maji yalishuka kutoka mlimani kwa kasi, yakachimba korongo katikati ya mtaa. Watu wakaanza kutupa taka humo.

Siku moja ya mvua Bibi Klementina aliteleza, akaangukia korongoni. Hakuvunjika, lakini aliogopa. Tangu hapo hakutoka tena nyumbani. Alikaa mlangoni akiongea na kuku kwa Kimakua.

"Tuuze nyumba turudi Ruponda," Fransisko alisema jioni moja wakati wa kula. "Mama anateseka hapa."

Dionisia akaweka kijiko chini. "Watoto wanasoma hapa. Wateja wangu wako hapa. Tukianza tena huko, tutaanza na nini?"

"Mbona hamniulizi mimi?" Bibi Klementina akasema. "Mimi sitaki kurudi Ruponda. Nataka kutembea tu. Kuku hawa maneno yao yamekwisha."

Wote wakacheka, lakini Dionisia hakulisahau jambo hilo. Asubuhi alimweleza jirani yake, Mwanawetu, mama mkulima anayeishi ng'ambo ya korongo.

"Jumamosi kuna mkutano wa mtaa," Mwanawetu alisema. "Hafidha, afisa maendeleo ya jamii wa kata, atakuja. Twende tukaseme."

Mkutanoni watu walianza kulaumiana. Wa chini ya mteremko walisema taka zinatoka juu. Wa juu walisema wa chini hawataki kuchimba mifereji. Hafidha aliwasikiliza, kisha akasimama.

"Kabla ya kutafuta mwenye kosa, tuupime mtaa wetu," alisema. "Mtaa unaofaa kuishi ni ule ambao hata mzee anaupita bila hofu. Nani mzee kuliko wote hapa?"

"Mama mkwe wangu," Dionisia akajibu. "Lakini hatoki nje."

"Basi sisi tumfuate."

Bibi Klementina aliposikia wamemjia, alivaa kanga yake nzuri. Akashika mkono wa Mwanawetu, na safari ikaanza. Hafidha aliomba kitambaa kikuukuu, akakichana vipande. "Kila bibi anaposimama, tutachomeka kijiti chenye kitambaa. Halafu tutamuuliza sababu."

Bibi alisimama kwenye ukingo wa korongo. "Hapa nilianguka. Mvua ikinyesha sioni pa kukanyaga."

Akasimama penye taka. "Hapa mbu wananikaribisha kama mgeni."

Walipofika mahali peupe, akasimama tena akihema. "Jua hili. Nikitaka kupumzika nikae wapi? Kichwani kwa afisa?"

Hafidha alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha wakamvusha korongo kwa kumshika mikono, naye akasimama mbele ya nyumba ya Mwanawetu, akavuta pumzi. "Hapa nimesimama kwa sababu ni pazuri. Pananukia."

"Pazuri napo tuweke kijiti," Hafidha alisema. "Mtaa haupimwi kwa ubaya peke yake." Akainama kutazama udongo. "Mama, mbona hapa maji hayajachimba?"

"Nimechimba mfereji unaokata mteremko," Mwanawetu akaeleza. "Ukingoni nimepanda mchaichai."

"Hiyo ndiyo njia," Hafidha akawaambia watu. "Maji yakikuta mfereji wa namna hii, yanapunguza mbio na kuzama ardhini. Mizizi ya mchaichai inashika udongo. Miti ya ukingoni nayo itapata unyevu, itatupa kivuli. Taka zikiziba mfereji, maji yatarudi majumbani. Kwa hiyo maganda na majani yaende kwenye shimo la mboji. Plastiki tuzikusanye mahali pamoja, gari la taka lizichukue. Tusizichome, moshi wake ni sumu."

Fransisko alikuwa amefuatana nao. Sasa akanyoosha mkono. "Daraja la waenda kwa miguu juu ya korongo nitalitengeneza mimi. Na benchi la kupumzikia."

Jumapili iliyofuata walianza kazi. Waliondoa taka korongoni, wakapanga mawe ndani yake ili maji yasiende mbio. Kila nyumba ilichimba kipande chake cha mfereji. Mwanawetu aligawa miche ya mchaichai. Watoto walipanda miarobaini na miembe, wakaizungushia miiba ili mbuzi wasiile. Dionisia alileta mihogo. Wa juu na wa chini wakala sinia moja.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Watu walisimama barazani wakitazama. Maji yalifika kwenye mfereji wa juu, yakajaa taratibu, yakatulia. Mahali pamoja ukingo ulibomoka kidogo, vijana wakauziba kwa mawe papo hapo. Korongo lilipitisha maji machache, na hakuna nyumba iliyoingiwa na maji.

Siku chache baadaye Fransisko alirudi kutoka kazini akakuta mlangoni kuna kuku tu. Akavuka haraka daraja alilolitengeneza. Alimkuta mama yake kwa Mwanawetu, wakimenya mbaazi, kila mmoja na kikombe cha chai ya mchaichai.

"Mama, chakula kiko tayari. Twende nyumbani."

Bibi Klementina hakuinua hata uso. "Kiletwe huku. Na cha Mwanawetu pia. Bado tuna maneno mengi."