Jezi Namba Tisa, Ndani Nje

"Bwana Abasi, posa tumeiondoa. Binti yako ana mkosi."

Mguu wangu ukaganda kwenye cherehani. Nilikuwa nyuma ya pazia namalizia jezi mpya za timu yao wenyewe! Na msemaji ni Mzee Mabruki, mwenyekiti wa Mwangaza, mshenga yuleyule aliyeleta posa ya Shomari mwezi uliopita, akala wali wetu na kuusifu mchuzi.

"Mkosi gani, Mabruki?" baba akauliza.

"Mganga ameona. Mechi sita tumefungwa kwa sababu ya mwanamke. Jumamosi tunacheza na Kigoma, na tukifungwa tena wafadhili wanaivunja timu. Kijana ameambiwa achague. Amechagua mpira."

Nikatoka. Adabu niliiacha nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mzee Mabruki."

"Marahaba, binti."

"Shomari amecheza mechi ngapi tangu mumtoe kijijini kwao Kigwa?"

"Mbili."

"Basi zile nne za mwanzo mlifungwa kwa mkosi wa nani? Wa mkeo?"

"Mwanahawa!" baba akafoka, lakini nilimwona anavyouma mdomo asicheke.

"Nataka aniambie kwa kinywa chake," nikasema.

"Wachezaji wako kambini, hawaoni mwanamke. Lete jezi kesho, na Jumamosi usisogee uwanjani."

Alipoondoka nililia, nisiwadanganye. Mnajua Shomari alivyonipata? Alikuja kupimwa jezi, kesho yake akarudi, keshokutwa tena.

"Kaka, mabega yameongezeka tangu jana?" nikamuuliza.

"Dada, kama hujui kupima sema nije kila siku."

Mtu wa maneno hayo ndiye aniache bila kwaheri? Nikafuta machozi, nikachukua karatasi, nikaandika:

"Shomari, Mzee Mabruki ameondoa posa. Anasema umechagua mpira. Kama ni kweli, vaa jezi hii kawaida, nami sitakusumbua. Kama ni uongo, igeuze, uivae ndani nje, Tabora nzima ione. Hawa."

Nikaikunja, nikaishikiza kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi wa namba tisa, jezi ya Shomari.

Jumamosi nilijifunga kanga yangu mpya nikaenda kusimama mbele kabisa, pembeni ya mstari. Aliyetaka kunitoa na aje!

Mwangaza hawakupita mlangoni. Mganga amekataza, mlango umetegwa! Watu wazima wakaparamia ukuta wa nyuma mmoja mmoja, golikipa akachanika bukta, uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Wanane, tisa, kumi.

Wa mwisho akaruka Shomari. Jezi ameigeuza. Mishono yangu yote iko nje, na uzi mwekundu unaning'inia shingoni.

Nikapiga kigelegele peke yangu. Yarabi, nilikipiga!

Mzee Mabruki akakimbia mpaka ndani ya uwanja, kanzu kaishika mkononi. "Wewe! Unatuletea nuksi! Geuza jezi au toka!"

"Nitoe, Mzee," Shomari akajibu, na kila mtu akasikia. "Mtacheza kumi."

Mzee akaangalia benchi. Hakukuwa na mtu wa maana pale, naye alijua. Akarudi kukaa.

Kigoma wakapata bao mapema. Mzee akanigeukia na kunisonya, nami nikamsonya. Kipindi cha pili Shomari akasawazisha kwa kichwa, na dakika za mwisho akawapiga chenga mabeki wawili, akamlaza golikipa, mpira ukaingia polepole kabisa. Mbili kwa moja. Wenzake walimfuata wamkumbatie, yeye akaja kwangu mbio.

"Hawa! Waliniambia wewe ndiye uliyeikataa posa!"

"Mimi? Wameniambia umechagua mpira!"

Tukageuka wote wawili kumtazama Mzee Mabruki.

"Nilitaka timu ipone," akasema, macho chini.

Shomari akavua jezi, akamwekea begani. "Chukua jezi yako, Mzee. Na chumba mlichonipangia nahama leo. Mchumba wangu siwapi."

Jumatatu asubuhi, hodi. Mzee Mabruki.

"Bwana Abasi, mganga amesema ushindi ulitoka kwenye ile jezi. Sasa zote kumi na moja zivaliwe ndani nje. Binti azitengeneze mishono ikae vizuri... na kijana arudi. Tafadhali."

Baba akacheka mpaka akashika meza. "Muulize fundi mwenyewe."

"Nitazitengeneza," nikasema, "na Shomari atarudi. Ila posa uliyoiondoa kwa uongo utairudisha wewe, kwa miguu yako, mchana kweupe, upitie sokoni. Na kanzu uvae ndani nje."

"Binti, mimi mtu mzima!"

"Mtu mzima hasemi uongo kwenye posa. Si ni dawa ya ushindi? Basi ivae."

Ijumaa baada ya swala, mtaa wetu wote wa Gongoni ukatoka milangoni. Mzee Mabruki akaja taratibu na barua ya posa mkononi, kofia safi, kanzu ndani nje, mfuko unaning'inia pembeni kama sikio la mbuzi. Wanawake wakamwongezea vigelegele. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

"Hodi hapa," akasema.

"Karibu, mshenga," nikamjibu. "Shikamoo."

Ndoa ilifungwa baada ya wiki mbili. Bwana harusi alivaa kanzu yake sawasawa. Nilimkagua mwenyewe.