Wifi Alifuta Jina Langu Kwenye Ramani, Akaumbuliwa na Mgongo wa Mama

Jina langu lilifutwa nikiliangalia kwa macho yangu mawili!

Nilikuwa kwenye benchi la hospitali, simu mkononi, mama mkwe pembeni analia, "Uuuwi, mgongo wangu..." Na kwenye simu nikaona herufi za jina langu zinaondoka moja moja. Hapo hapo likaandikwa jingine.

MALKIA.

Jamani, huyo Malkia ni wifi yangu! Dada wa mume wangu, tumbo moja. Jina kajipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa.

Ngoja niwaweke sawa, msije mkaachwa njiani.

Timu yetu inafanya kazi mtandaoni, kila mtu yuko kwake. Tunatumia ramani ya mawazo: ukurasa mmoja mkubwa, katikati mnaweka jambo lenyewe, matawi yanatoka pande zote, na wote mnachora kwa pamoja. Ukiingia, wenzako wanauona mshale wako unatembea na jina lako.

Mteja wetu ni kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mizigo inapotea, watu wanawaka. Ramani nzima nimeichora mimi, na jina langu liko juu yake. Na mteja alishasema: atakayeielezea vizuri ndiye atakuwa kiongozi wa mradi.

Nafasi hiyo nilikuwa naitaka mpaka naiota.

Mchango wa wifi? Rangi! Ukimaliza tawi, anakuja kulipaka waridi. Ukimuuliza ana wazo gani, anabandika kialama cha kimoyo. Na kazi hiyo nilimwombea mimi mwenyewe, mjinga mimi!

Asubuhi ile alinipigia, sauti asali tupu.

"Wifi yangu, kikao na mteja kimesogezwa mpaka kesho."

"Kwa nini?"

"Wana mambo yao bwana. Pumzika."

Kabla sijameza chai, mama mkwe akaanza kulia mgongo. Ningefanyaje? Mama ni mama. Nikampeleka hospitali.

Ila kuna kitu kilinishangaza. Mara anashika mgongo, mara goti. Analia nesi akipita tu. Nesi akitoweka, anaulizia soda.

Sasa niko pale benchini, jina limeshafutwa, naona mishale inaingia kwenye ramani...

Mgeni. Mgeni. Mgeni.

Wageni gani, na kikao ni kesho?!

Kikao kilikuwa kinaendelea muda ule ule, na mimi nimeachwa nje kama viatu!

Nikampigia wifi. Akakata. Nikapiga tena. Akazima simu kabisa!

Nikasonya mpaka nesi akageuka.

Lakini kwa akili zake za kupaka rangi, wifi alikuwa amefanya kosa. Badala ya kuwatumia wageni linki ya kutazama tu, aliwatumia ile ya kuandika. Mgeni mmoja akaandika swali pembeni ya tawi langu:

"Mbona tawi la Malalamiko linatokea kwa Dereva, siyo kwa Ofisi?"

Mshale wa Malkia ukazunguka... ukazunguka... ukakimbilia kwenye tawi lenye vimoyo.

Nikajibu mimi.

"Kwa sababu namba iliyo kwenye kifurushi ni ya dereva. Mtu akikosa mzigo, anampigia yeye kwanza. Ofisi inapata habari mwisho, mwenye mzigo ameshafura. Mkitaka kujua mizigo inapotelea wapi, anzeni na dereva."

Mshale mmoja ukamwacha Malkia, ukaja kwangu. Ukafuata wa pili... Wakahama wote! Malkia akabaki na vimoyo vyake, anaielezea hewa.

Mgeni akaandika tena: "Wewe si tumeambiwa umejitoa kwenye timu?"

"Nani kasema? Niko hospitali na mama mkwe. Nimeambiwa kikao ni kesho!"

Simu ikaita. Mteja mwenyewe! Akaniunganisha kikaoni. Korido ilikuwa na kelele, nikaweka sauti ya juu.

"Ooh, wifi!" Malkia huyo, asali yote imekauka. "Jamani msimlaumu, mama yetu anaumwa sana... hali mbaya mno... nikaona nisimsumbue..."

Mama mkwe akasimama wima!

"Nani anaumwa?!"

Akainyakua simu mkononi mwangu.

"We mtoto! Si wewe uliyeniambia wifi yako amechoka na kazi, nijilize mgongo ili atoke ndani apumzike? Hali mbaya ya nani? Unaniombea kifo?!"

"Mama... mama, kuna watu hapa..."

"Wasikie! Nimelia tangu asubuhi mpaka koo limenikauka!"

Nilitamani kumwonea wifi huruma. Nikaitafuta moyoni, sikuiona. Mtu anamtumia hadi mama yake mzazi, halafu anashindwa na swali moja la dereva!

Mteja akakohoa.

"Kiongozi wa mradi tumempata," akaniambia. "Huyu Malkia tumfanyeje? Amua wewe."

Najua mnataka kusikia nilisema afukuzwe. Hapana.

"Abaki," nikasema. "Matawi bado hayajapakwa rangi."

Mama mkwe nilimnunulia soda mbili. Alizifanyia kazi.

Funzo ni hili, na wewe unayesoma huku unaijua kazi ya mwenzako uliyoiwekea jina lako, likuingie vizuri: jina unaweza kuliandika popote, lakini likiulizwa swali, jina halijibu. Anajibu aliyeifanya kazi.

Na wifi? Yupo. Jana tu kaniandikia kwenye ramani, mbele ya timu nzima, kwa adabu zote:

"Kiongozi, naomba kuuliza... hili tawi nilipake kijani?"

Nikamjibu kwa kimoyo.