Mkono Usio na Mwenyewe

Kisomandoto kiliuona mlango kabla Faki hajamaliza chai yake. Kwenye kioo kikubwa cha chumba cha ulinzi ukatokea mkono wa mtu, mtupu, bila glavu, umeushika mpini wa mlango wa nje. Mkono ukaanza kuuzungusha. Taa yenye jina la Faki ikawaka nyekundu, na Mhandisi Shemsa, ambaye ndiye aliyekiunda chombo hicho, akasogea karibu na kioo.

Katika mji wa Mwandamo, uliochimbwa chini ya vumbi la mwezi, hapakuwa na kitu cha kutisha kuliko mlango wa nje. Ng'ambo yake hakuna hewa. Mtu mmoja akirukwa na akili akafungua palipofungwa, hufa na wenzake wote. Ndiyo maana kila mkazi alivaa kofia yenye utando wa nyuzi nyembamba zilizofuata mwendo wa ubongo wake, awe amelala au yu macho anawaza yake. Utando ulipeleka picha kwa kisomandoto, nacho kikapambanua zilizo salama na zenye hatari. Aliyeonekana na hatari alidungwa kizimandoto, dawa inayokausha ndoto kwenye chemchemi yake.

Faki alikuwa fundi wa mabomba ya maji, lakini watu walimjua zaidi kwa hadithi. Kazi zikiisha walijaa bwaloni kumsikiliza, na wengine walikiri kwamba ni hizo tu zilizowasahaulisha kuwa hawajaona mvua tangu waje.

Shemsa alipomwita, hakukana. Alieleza kwamba mkono ule aliuota juzi, akaamka amelowa jasho, na tangu hapo anauwaza kila apatapo nafasi, akifunga bomba au akinywa chai. Ndivyo alivyotunga maisha yake yote. Ndoto humpa kipande tu, kisicho na kichwa wala miguu. Yeye hushinda nacho mchana, akakigeuza, akakihoji, mpaka kiseme.

"Sijui mkono ni wa nani," alisema. "Nikimjua mwenyewe, hadithi ninayo."

"Na kama ni wako?"

Faki aliigeuza mikono yake, akaitazama. "Hilo nalo nimejiuliza, Mhandisi."

Mkuu wa mji, Bwana Ngwali, hakutaka maelezo. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuzika watu katika kituo kingine ambako mmoja tu alichanganyikiwa, na hakutaka kuzika tena. Aliagiza Faki adungwe kabla ya chakula cha jioni. Shemsa akajikuta anapinga. Akasema chombo kinaona picha, hakioni nia. Hakijui kumtofautisha anayetaka kuufungua mlango na anayejiuliza ni nani angeufungua. Alijishangaa mwenyewe, kwani kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia watu kinyume cha hayo.

"Una hakika?" Ngwali akamwuliza. "Basi kasimame naye pale mlangoni."

Alisema hivyo ili kumfunga mdomo. Shemsa akatoka, akamchukua Faki, wakaingia katika kizingiti, kile chumba kidogo kilicho kati ya mlango wa ndani na wa nje. Hawakuvaa mavazi ya hewa. Akaufunga mlango wa ndani nyuma yao ili mji ubaki salama, nao wawili wakabaki na mpini wa dharura, usiohitaji umeme wala ruhusa ya mtu, ila nguvu ya mkono tu.

Ngwali alifika mbio, akakwama upande wa pili wa kioo cha mlango wa ndani. Sauti yake ilikuja kwenye kipaza sauti, imetulizwa kwa shida, ikiwasihi watoke.

"Waza," Shemsa akamwambia Faki. "Waza kama unavyowaza siku zote."

Faki akafumba macho. Kwenye kioo kidogo alichokishika Shemsa, kilichounganishwa na kisomandoto, mkono ulirudi, na king'ora kikaanza kulia. Kisha Faki akasogea mbele. Akaupapasa mpini, akaushika. Shemsa alijua kwamba hata akimrukia hatamweza. Fundi wa mabomba ana mikono ya chuma. Kwenye kioo mpini ulikuwa unazunguka. Mbele ya macho yake ulikuwa umetulia.

"Ni mama mmoja," Faki akasema polepole. "Mwanawe alikwenda nje kazini, hakurudi. Sasa anasikia mtu anabisha. Anajua hakuna mtu. Anajua, na mkono unakwenda wenyewe."

"Anafungua?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Faki hadi kidevuni. "Hapana. Anakaa chini pale pale, anaanza kumjibu."

Akauachia mpini.

Shemsa alipoufungua mlango wa ndani, Ngwali hakumgombeza mtu. Alimwambia Faki kwa sauti ya chini kwamba sindano haitakuwapo. Shemsa alipaswa kufurahi, lakini mawazo yake yalikuwa yamekwisha kumtangulia jikoni, kwa Bi Riziki.

Bi Riziki alikuwa mpishi. Mwaka uliopita kisomandoto kilimwona amesimama katikati ya moto, anacheka. Shemsa ndiye aliyeamua, naye alikuwapo sindano ilipoingia. Tangu hapo Bi Riziki alipika vizuri, lakini mapishi yale yale. Nyimbo alizokuwa akizitunga huku akikoroga zilikoma, na akiulizwa anawaza nini, alijibu bila uchungu kwamba hawazi kitu.

Shemsa alimkuta anachambua mchele. Akamweleza yote bila kujitetea, kwamba chombo kilikosea, kwamba yeye alikosea zaidi, na kwamba kilichokaushwa na dawa ile hajui njia ya kukirudisha. Bi Riziki alimsikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutafuta chuya.

"Huo moto mimi siukumbuki," akasema. "Wewe uliuona?"

"Niliuona."

"Nilikuwa nacheka nini?"

Siku ile Shemsa alitazama ndimi za moto tu. "Sijui, Bi Riziki."

Mama yule akamsukumia kigoda kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Niambie ulichokiona."

Shemsa akakaa. "Palikuwa na chungu kikubwa," akaanza, akiitafuta picha. "Na nyuma ya chungu kulikuwa na mtu, sikumtazama vizuri."

Vidole vya Bi Riziki vikasimama juu ya mchele.

"Mwanamume," akauliza, "au mwanamke?"